Feni ya prosesa inazunguka polepole: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mombasa

Majibu haya ni ya mtu mwenye kompyuta ya mezani au laptopu hapa mwambaoni ambaye feni ya prosesa (chipu kuu ya kompyuta) imeanza kuvuta miguu, au ameona onyo la feni kwenye skrini. Vifaa vingi vinavyotajwa vinapatikana mjini, na vingine viko kwa fundi cherehani wa mtaani kwako.

Nitajuaje kama feni ina ugonjwa, au ndivyo inavyotakiwa kuzunguka?

Kasi peke yake haikwambii kitu. Lazima uisome pamoja na joto la prosesa. Feni ya siku hizi huamrishwa na madabodi (ubao mkuu wa kompyuta): prosesa ikipoa inapunguzwa, ikipata moto inaongezwa. Feni yenye mizunguko 900 kwa dakika wakati prosesa iko nyuzi 45 inafanya kazi yake vizuri. Mizunguko 900 hiyo hiyo wakati prosesa iko nyuzi 92 ni ugonjwa.

Pakua programu ya HWiNFO kama unatumia Windows. Kwenye Linux sakinisha lm-sensors, endesha `sensors-detect` mara moja, kisha `sensors`. Usitegemee Task Manager, kwa sababu haionyeshi joto la prosesa. Iache kompyuta dakika 5 bila kazi, andika joto na kasi. Kisha ipe kazi nzito dakika 10 (kubana faili kubwa kwa 7-Zip kunatosha) na uandike tena. Namba hizo nne ndizo zitakazokuokoa usinunue kitu usichokihitaji:

- Joto chini, kasi chini: hakuna ugonjwa. Funga kompyuta uendelee na kazi.
- Joto juu, kasi chini: feni imechoka, au mpangilio wa BIOS (programu ya madabodi inayowaka kabla ya Windows) unaizuia, au imechomekwa pasipo pake.
- Joto juu, kasi juu: feni ni nzima. Tatizo ni vumbi kwenye hitisinki (chuma chenye mapezi kinachotoa joto kwenye prosesa), pesti iliyokauka (ile inayopakwa kati ya prosesa na hitisinki), au hitisinki iliyolegea. Kununua feni mpya hapa ni kutupa pesa.
- Kasi inasomeka 0 lakini kwa macho unaiona feni inazunguka: waya unaopeleka taarifa ya kasi umekatika au pini yake imeshika kutu.

Hali ya tatu ndiyo inayowapoteza watu wengi. Mtu husikia kompyuta inavuma kama jenereta, anasema feni imeharibika, kumbe feni ndiyo pekee inayohangaika kumwokoa.

Joto la nyuzi ngapi ni la kuogopa?

Kwanza achana na namba unazoziona kwenye video za ng'ambo. Prosesa haiwezi kupoa chini ya joto la hewa inayoipuliza, na kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongezeka karibu nyuzi moja kwenye prosesa. Mtu aliyepima Ulaya chumbani kwa nyuzi 21 akapata 65, kompyuta ile ile ikiletwa Tudor mchana wa Februari au Machi, hewa ikiwa nyuzi 32 au 33, itasoma 76 hivi bila kuharibika chochote.

Kwa Mombasa, chumba kisicho na AC, tunachukulia hivi: ikiwa haina kazi, nyuzi 40 hadi 55 ni kawaida. Ikiwa na kazi nzito, hadi 85 hivi inavumilika. Ikipita 90 na kukaa hapo, shughulikia wiki hii. Prosesa nyingi za Intel zina kikomo cha nyuzi 100. Zikikaribia hapo hujipunguzia kasi zenyewe, na ndiyo maana kompyuta inakuwa nzito. Moto ukizidi kabisa, mashine hujizima ghafla bila kuaga. Ryzen 7000 za AMD ni kisa cha pekee: imetengenezwa iweze kufika 95 kazini, kwa hiyo usiiogope kwa namba hiyo peke yake.

Kwa nini feni za hapa huchoka mapema?

Sababu ziko tatu na zinashikana mikono.

Ya kwanza ni bushi. Feni za bei nafuu hazina beringi ya gololi. Zina bushi, yaani mrija mdogo wa metali wenye vinyweleo vilivyoloweshwa mafuta. Mhimili wa feni unaelea juu ya mafuta hayo. Joto huyafukiza kidogo kidogo. Yakipungua, metali husugua metali, na mabaki huwa ulimbo mweusi unaoukaba mhimili. Hapo feni inaanza kuchelewa kuwaka asubuhi, kisha inazunguka nusu ya kasi, mwisho inagoma.

Ya pili ni unyevu wenye chumvi. Chumvi ya bahari ikitua kwenye mapezi ya hitisinki huvuta unyevu hewani, na vumbi linalopita hunasa. Nairobi vumbi hilo lingepulizwa likatoka. Hapa linageuka kuwa kama blanketi. Ung'oe feni ya kompyuta iliyokaa mwaka mzima ghorofa ya chini barabarani: mapezi ya alumini hayaonekani kabisa, yamefunikwa zulia la kijivu ambalo unaweza kulinyanyua kipande kizima kwa kibanio.

Ya tatu ni mvuke wa mafuta ya kupikia. Cyber iliyopakana na kibanda cha viazi karai au bajia huvuta mvuke huo siku nzima. Unaganda kwenye mapanga ya feni, vumbi linashika juu yake, mapanga yanakuwa mazito na hayajalingana uzani, feni inatetemeka na bushi inalika upande mmoja. Vumbi la namna hii halitoki kwa brashi kavu, linataka isopropili, yaani spiriti isiyotiwa mafuta.

Nianze wapi kabla ya kununua chochote?

Zima, chomoa waya wa ukutani, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde 10 ili umeme uliobaki uishe, kisha fungua ubavu. Angalia kwa mpangilio huu: Je, kuna waya unaogusa mapanga? Waya mmoja wa SATA (wa diski) uliolegea unatosha kuishika feni, na dawa yake ni kuubana kando kwa zip tai. Je, feni imechomekwa palipoandikwa CPU_FAN? Ikiwa iko kwenye SYS_FAN au CHA_FAN, madabodi inaweza kuiongoza kwa joto la kasha badala ya la prosesa, nayo itabaki polepole huku prosesa ikiungua.

Halafu izungushe kwa kidole. Feni nzima huendelea mizunguko kadhaa na kusimama taratibu. Iliyokauka husimama pale pale unapoiachia. Mwisho shika kitovu chake ukitikise kushoto na kulia: kikicheza sana, bushi imelika, na hakuna mafuta yatakayoirudisha.

Nisafisheje hitisinki na feni?

Utahitaji brashi ya rangi ya inchi moja yenye nywele laini, kibanio, pamba za masikio, isopropili ya asilimia 90 au zaidi, na bisibisi ya nyota. Fanya kazi hii nje kwenye baraza, si chumbani unapolala.

Kwenye hitisinki nyingi za kiwandani za Intel, feni imeshikwa kwa vishikizo vya plastiki pembeni na unaweza kuitoa bila kugusa hitisinki. Jaribu njia hiyo kwanza, kwa sababu ukiing'oa hitisinki lazima ubadilishe pesti. Nyanyua zulia la vumbi kwa kibanio kutoka juu, usilisukumie ndani. Kisha pitisha brashi katikati ya mapezi, kutoka kitovuni kwenda nje, huku kompyuta imelazwa vumbi lianguke nje.

Mapanga yapanguse moja moja kwa pamba yenye isopropili, pande zote mbili. Upande wa chini ndio wenye uchafu mwingi na ndio unaosahauliwa. Spiriti ya duka la dawa si mbadala mzuri: nyingine zimetiwa mafuta ya mbarika, nayo yanabaki na kunasa vumbi upya.

Ukitumia blowa, zuia mapanga kwa kidole au kijiti. Feni inayozungushwa kwa upepo huwa jenereta ndogo: hurudisha umeme kwenye madabodi, na kasi hiyo huiumiza bushi.

Naweza kupeleka kwa fundi wa pancha anipulizie kwa kompresa?

Hapana. Tangi la kompresa hukusanya maji, na kwa unyevu wa hapa hukusanya mengi. Maji hayo yanatoka pamoja na upepo na kuingia kwenye soketi. Shinikizo la kujazia tairi la lori pia linaweza kung'oa panga la feni.

Feni imekauka. Naitiaje mafuta?

Kama ni ya bushi na haichezi kitovuni, mafuta yanaweza kuipa miezi mingi ya kazi. Mafuta yanayofaa ni ya cherehani, yale mepesi na meupe.

Itoe feni. Upande wenye kibandiko, inua kibandiko kwa ncha ya wembe kutoka pembeni, polepole, kisichanike. Chini yake mara nyingi kuna kizibo kidogo cha mpira au cha plastiki. Kichomoe na ukiweke mahali hakitapotea. Sasa unaona ncha ya mhimili imeshikwa na pete ndogo nyeupe. Ukikuta kitu cha rangi ya kahawia kinachonata kama sukari guru iliyoyeyuka, hayo ndiyo mafuta ya kiwandani yaliyokufa. Yapanguse kwa pamba yenye isopropili, zungusha feni kwa kidole mara 20, upanguse tena, mpaka pamba itoke safi. Acha ikauke dakika 10. Anayeruka hatua hii na kutia mafuta mapya juu ya ulimbo anarudi baada ya wiki mbili na tatizo lile lile.

Tia tone moja. Zungusha mara 20. Tia tone la pili, na uishie hapo. Mafuta yakizidi hurushwa nje, yakaenda kwenye mapanga na madabodi na kuanza kuvuta vumbi. Futa uso wa feni ukauke kabisa, rudisha kizibo, kisha kibandiko. Kibandiko kikikataa kushika, tumia kipande cha selotepu nzito. Usiache tundu wazi, kwani hapo ndipo mafuta yanapotokea na vumbi linapoingilia.

Feni ambayo haina tundu chini ya kibandiko, au iliyoandikwa kwamba ina beringi ya gololi, usiitoboe. Ikianza kukoroma, inunuliwe nyingine.

Mafuta ya nazi, WD-40 au mafuta ya kupikia je?

WD-40 ya kawaida husafisha na kufukuza maji, lakini hufukizika upesi; feni hutulia siku chache kisha hukauka kuliko mwanzo. Mafuta ya kupikia huganda yakawa ulimbo. Mafuta ya nazi yana kasoro yake: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Ofisi ya Nyali yenye AC ya nyuzi 20 itakuta feni imeshikwa kila asubuhi.

Nibadilishe nini kwenye BIOS?

Washa kompyuta ukibonyeza Del kwa madabodi nyingi, F2 kwa ASUS na Dell, F10 kwa HP, F1 kwa Lenovo nyingi za mezani. Tafuta ukurasa wa feni: ASUS huuita Q-Fan, Gigabyte huuita Smart Fan, MSI huuweka kwenye Hardware Monitor.

Kosa la kawaida ni kukuta imewekwa "Silent". Hali hiyo ilipangwa kwa vyumba vya baridi. Rudisha "Standard", au chora mstari wako mwenyewe. Kwa Mombasa anza hivi: joto likiwa nyuzi 40, kasi asilimia 40; nyuzi 60, asilimia 60; nyuzi 75, asilimia 85; nyuzi 80, asilimia 100. Kiwango cha chini cha asilimia 40 kina sababu. Feni iliyozeeka huhitaji nguvu kubwa kuanza kuzunguka kuliko kuendelea kuzunguka, na ikipewa asilimia 20 inaweza kubaki imesimama inatetemeka tu.

Hakikisha pia aina ya uendeshaji inalingana na feni: PWM (kasi huongozwa kwa amri ya pini ya nne) kwa feni ya pini nne, DC (kasi huongozwa kwa kubadili volti) kwa feni ya pini tatu. Feni ya pini nne ikiendeshwa kwa DC hupunguziwa volti, huzunguka taratibu na wakati mwingine hulia kama mbu.

Nikiwasha nasoma "CPU Fan Error, Press F1". Nifanyeje?

Madabodi imesoma kasi iliyo chini ya kikomo chake. ASUS nyingi huweka kikomo hicho kwenye mizunguko 600. Kama una feni kubwa ya sentimita 12 ambayo kwa kawaida hutembea 500, si hitilafu. Shusha kikomo hadi 200 au 300. Lakini kama ni feni ndogo ya kiwandani, onyo hilo ni la kweli. Usilizime kwa kuchagua "Ignore" ukaenda zako. Hilo ndilo onyo pekee ulilonalo kabla mashine haijaanza kujizima katikati ya kazi.

Tofauti ya pini tatu na nne ni nini hasa?

Pini ya kwanza ni ardhi, ya pili ni volti 12, ya tatu hurudisha taarifa ya kasi (mapigo mawili kwa kila mzunguko, kwa hiyo mizunguko 1,200 kwa dakika ni mapigo 40 kwa sekunde). Ya nne hupeleka amri ya kasi. Feni ya pini nne ikichomekwa kwenye soketi ya pini tatu itaingia, na itazunguka kwa nguvu zote kama soketi inatoa volti 12 kamili.

Rangi ndizo zinazodanganya. Kwenye feni za nyaya nne mara nyingi utakuta nyeusi, njano, kijani na bluu, na njano ndiyo volti 12. Kwenye za nyaya tatu mara nyingi ni nyeusi, nyekundu na njano, na hapo volti 12 ni nyekundu; njano ni ya taarifa ya kasi. Ukiunga kwa kufuata rangi bila kuhesabu pini, utaunguza sehemu ya kusoma kasi.

Nitajuaje kama kosa ni la feni au la madabodi?

Ipe feni volti 12 moja kwa moja kutoka pawasaplai kwa adapta ya moleksi, bila kupitia madabodi. Kwenye moleksi waya wa njano ni volti 12, mwekundu ni volti 5, meusi mawili ni ardhi. Ikizunguka kwa nguvu, feni ni nzima na kosa liko BIOS au kwenye soketi. Ikibaki inajikokota, feni imekwisha.

Kabla hujahukumu, pima hiyo volti 12 kwa mita. Kiwango cha ATX, kinachofuatwa na pawasaplai za kompyuta za mezani, kinaruhusu kati ya 11.4 na 12.6. Ukisoma 10.8, feni zote za kompyuta zitakuwa zinazunguka polepole kidogo, na mgonjwa ni pawasaplai. Hili ni la kuangaliwa hasa kama mtaani kwenu umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Tazama pia kapasita za madabodi zilizozunguka prosesa: vichwa vyao vinatakiwa kuwa bapa. Kilichovimba au chenye ukoko wa kahawia juu kimekufa.

Nina Dell OptiPlex (au HP) iliyoletwa kutoka Uingereza. Feni yoyote itaingia?

La, na hapa watu hupoteza pesa sana. Dell nyingi za ofisini hutumia soketi ya pini tano ya kwao wenyewe, na HP kadhaa zina soketi na mpangilio wa nyaya wa kipekee. Feni ya dukani inaweza kukataa kuingia, au ikaingia na mashine ikakusimamisha kila unapowasha: Dell na onyo la "Previous Fan Failure", HP na namba 511 inayosema feni ya prosesa haionekani.

Njia salama ni kutafuta feni yenye namba ile ile iliyoandikwa kwenye kibandiko. Mafundi wenye mashine zilizokufa huwa nazo, na feni iliyotolewa kwenye OptiPlex ya modeli ile ile ni bora kuliko mpya isiyolingana. Itie mafuta tu kabla ya kuifunga. Dell pia ina kipimo chake: bonyeza F12 wakati wa kuwasha, chagua "Diagnostics", nayo itaizungusha feni kwa kasi tofauti na kukupa jibu.

Nikienda dukani kununua, niangalie nini?

Nenda na ile ya zamani mkononi. Linganisha idadi ya pini, upana (sentimita 8, 9.2 au 12 ndio wa kawaida), unene, na ampea zilizoandikwa. Soketi ya madabodi kwa kawaida hubeba ampea 1. Feni tatu kwenye soketi moja kwa kutumia kigawanyio ni hatari.

Kama unabadilisha hitisinki nzima, matundu ndiyo yanayoamua. Kwa Intel, angalia jina la soketi ya prosesa: matundu ya LGA775 yako umbali wa milimita 72. LGA1150, 1151, 1155, 1156 na 1200 yote ni milimita 75. LGA1700 ni milimita 78. Muuzaji akikwambia "ya Intel zote huingia," chukua rula. Izungushe feni kwa kidole pale pale dukani, na uitikise karibu na sikio. Ikitoa mchakacho ikiwa mpya, irudishe kwenye rafu.

Ukifunga, kumbuka upande wenye kibandiko na miguu minne ndiko hewa inakotokea. Upande huo uelekee hitisinki.

Nimeing'oa hitisinki. Pesti kiasi gani?

Futa ya zamani yote kwa isopropili pande zote mbili mpaka metali ing'ae. Weka tone moja katikati ya prosesa, ukubwa wa punje ya mbaazi, si zaidi. Usipake kwa kidole. Uzito wa hitisinki utaitandaza. Nyingi haiongezi ubaridi, inamwagikia soketi tu. Na dawa ya meno haipoozi prosesa, hata ikionekana kufanya kazi siku ya kwanza: ina maji, na maji yakikauka unabaki na chokaa.

Kwa AMD za soketi ya AM4 washa kompyuta dakika 10 kwanza ili pesti ilainike, izime, kisha izungushe hitisinki kushoto na kulia kabla ya kuivuta juu. Ukiivuta kwa nguvu ikiwa baridi, prosesa inatoka nayo na pini zinapinda.

Pini nne za plastiki za Intel zinanishinda.

Kuzifungua, zungusha kichwa robo mzunguko kufuata mshale, kisha vuta juu. Kabla ya kufunga, rudisha vichwa vyote vinne kinyume cha mshale. Hatua hii ikisahauliwa, pini hubofya na kutoka tena. Bonyeza kwa jozi za kukingamana, si kuzunguka duara, mpaka kila moja ilie "tak". Halafu geuza madabodi uangalie tumboni: kila tundu lionyeshe ncha nyeupe zilizopanuliwa na pini nyeusi katikati. Pini moja isiyoshika huinua kona ya hitisinki, na joto linaweza kupanda nyuzi 20 huku feni ikiwa haina kosa lolote.

Laptopu nayo?

Kanuni ni zile zile, nafasi ndiyo finyu. Feni ya laptopu nyingi ni ya volti 5 na hupuliza kwa ubavu kupitia mapezi membamba sana. Vumbi hujenga ukuta kati ya feni na mapezi hayo, mahali ambapo huoni kwa nje. Kupuliza kupitia tundu la nje hulisukuma ukuta huo ndani. Dawa ni kufungua kifuniko, kuchomoa betri kwanza, kutoa feni kwa skrubu zake mbili au tatu na kuunyanyua ukuta mzima kwa kibanio. Usitumie laptopu juu ya godoro au mkeka laini, tundu la kuvutia hewa liko chini.

Nasubiri feni mpya ifike. Naweza kuendelea kufanya kazi?

Kwa kazi nyepesi, ndiyo, kama feni bado inazunguka. Kwenye Windows ingia "Power Options", kisha mipangilio ya juu ya mpango wako, "Processor power management", na "Maximum processor state" uiweke 99. Prosesa haitapanda kasi ya ziada na joto litashuka sana. Feni ikiwa imesimama kabisa, zima.

Nikifungua ubavu wa kasha na kuielekezea feni ya mezani?

Itapoa leo. Lakini ukiiacha hivyo kwa miezi unaiogesha madabodi kwa hewa ya chumvi na vumbi. Ni msaada wa siku mbili tatu.

Nisafishe kila baada ya muda gani, na niiweke wapi kompyuta?

Duka au cyber ya ghorofa ya chini inayotazama barabara: kila miezi 3. Nyumba ya ghorofani: kila miezi 6. Karibu na jiko la kukaangia: kila mwezi panguse mapanga. Kama utasafisha mara moja tu kwa mwaka, fanya hivyo Novemba, kabla kaskazi na joto lake havijaingia.

Iinue sentimita 30 kutoka sakafuni na uache sentimita 10 nyuma yake. Yale makabati ya meza yenye mlango ni tanuri: hewa ya moto inazunguka mle mle na feni inapulizia prosesa joto lake yenyewe. Ng'oa mlango, na kama ubao wa nyuma si wa kubeba uzito, ukate.

Nikitoka na laptopu kwenye AC kwenda nje, feni hulia kidogo kisha hutulia. Ni nini?

Mashine baridi ikikutana na hewa yenye unyevu hutoa jasho, kama chupa ya soda iliyotolewa kwenye friji, na jasho hilo hutua hata ndani. Iache imezimwa ndani ya mkoba uliofungwa kwa nusu saa, ipate joto la nje, ndipo uiwashe.